Binti wa Nani Huyu Anayetuchekesha?

Jioni moja hapa Nambis niliwakuta vijana dukani wakingoja kuchaji simu zao. Mmoja alikuwa akitazama mchezo mfupi katika simu: mwanamke anagombana na jirani yake, mikono kiunoni, macho yamemtoka, maneno yanamwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Bibi mmoja mzee aliyekuja kununua chumvi akasimama kutazama. Kiingereza hajui hata neno moja, lakini alicheka mpaka akashika meza ya duka. Halafu akafuta machozi kwa pindo la shuka yake, akauliza, "Huyu ni binti wa nani?"

Baba mmoja aliyekuwapo akamjibu upesi kwamba binti mwenye wazazi hawezi kujianika namna ile mbele ya watu. Mimi sikusema neno, ingawa nilijua kwamba wazazi anao, tena watu wenye heshima zao. Basi nimeona afadhali niwaandikieni habari zake, wasomaji wapenzi, kuliko kubishana dukani.

Jina lake ni Anne Kansiime. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1986 huko Mparo, katika nchi ya Wakiga, kusini-magharibi ya Uganda. Ni nchi ya milima na baridi, na mashamba yamelala juu ya miteremko. Mtu wa Mbulu akifika huko hatajiona mgeni sana. Baba yake alifanya kazi ya benki mpaka akastaafu, na mama yake alitunza nyumba. Lile jina Kansiime kwa lugha ya kwao maana yake ni "na nishukuru".

Alisoma shule ya msingi Kabale, kisha sekondari ya wasichana ya Bweranyangi huko Bushenyi, na mwisho Chuo Kikuu cha Makerere, ambako alipata shahada katika elimu ya jamii. Mzazi ye yote aliyeuza ng'ombe ili alipe ada anajua tunachokitazamia baada ya shahada: ofisi, mshahara wa mwisho wa mwezi, na barua yenye mhuri. Kansiime alishika njia nyingine. Mwaka 2007 aliingia katika kikundi cha Theatre Factory, kilichoanzishwa na Bwana Philip Luswata, ambacho kilicheza michezo ya kuchekesha katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Kampala.

Jumba hilo si mahali pa mchezo tu. Lilifunguliwa mwaka 1959, na limeona mengi. Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo aliyekuwa mkuu wake, aliuawa mwaka 1977 katika utawala wa Idi Amin. Kwa hiyo watu wa Kampala wanajua kwamba kusimama jukwaani na kuwachekesha watu kwa mambo ya kweli kumewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Vijana wa siku za Kansiime walirithi jukwaa hilo katika nyakati zenye nafuu.

Michezo yao ilikuwa mifupi, ya dakika chache chache. Mchezaji hana nafasi ya kujieleza. Akiingia tu, watazamaji lazima wajue huyu ni muuguzi mwenye kiburi, au mke mwenye wivu, au mpangaji asiyelipa kodi. Hapo ndipo mwendo, shingo na jicho vinapofanya kazi kuliko maneno, na ndiyo sababu yule bibi wa dukani alielewa yote bila mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Katika vichekesho vyetu tulivyovizoea, tunawakumbuka marehemu Mzee Small na marehemu King Majuto, lakini ni wangapi wanaokumbuka jina la mwanamke aliyecheza pamoja nao? Mara nyingi mwanamke huwekwa pale ili adanganywe au apigiwe kelele, na kicheko kinakwenda kwa mwanamume. Kansiime amekichukua kicheko hicho mwenyewe. Yeye ndiye mwongo, mroho, mgomvi, mwenye kujifanya anajua, na hajali kuonekana mbaya. Sisemi kwamba michezo yake yote inafaa watoto. Mingine ina maneno makali, na mzazi atazame kwanza.

Theatre Factory ilipovunjika, wengi wa wachezaji wake waliunda kikundi kingine, Fun Factory. Kansiime akaanza kutia michezo yake katika intaneti, ndipo Citizen TV ya Nairobi ikampa kipindi, "Don't Mess with Kansiime". Sisi wa Tanzania Bara tuliipata televisheni mwaka 1994 tu, na vijijini ilichelewa zaidi. Simu ndiyo iliyotuletea mchezaji huyu. Kufikia Novemba 2014 michezo yake katika YouTube ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Ameitwa kucheza Kigali, Lusaka, Harare, Lagos, hata London.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa kicheko siku zote. Aliolewa na Bwana Gerald Ojok mwaka 2013, na mwaka 2017 akatangaza kwamba ndoa imekwisha. Mtu anayejulikana nchi nyingi hana mahali pa kujificha na huzuni yake. Mwaka 2021 alijifungua mtoto wa kiume.

Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu, tulipocheza michezo, mwenzetu mwenye ndevu ndiye aliyefungwa kanga akawa mama mkwe, ingawa wasichana wawili walikuwa wakituigiza sisi kila siku bwenini mwao, tena vizuri kuliko yeye. Hapa kijijini mwaka jana ilikuwa vilevile. Msichana mmoja alichaguliwa, baba yake akakataa.

Baba huyo ndiye yule wa dukani. Juzi alikuja kwangu kuandikisha mtoto wa ndugu yake, na tulipomaliza akabaki amesimama mlangoni. Akaniuliza kama yule Mganda alimaliza masomo. Nikamwambia alimaliza, Makerere. Akaniuliza na baba yake alikuwa kazi gani. Nikamwambia, benki.

Akavaa kofia yake, akaniuliza michezo ya Krismasi mwaka huu inaanza kufundishwa lini.