Pombe ikikushinda, tafuta wenzako

JE, msomaji, umewahi kumngoja mtu usiku wa mwisho wa mwezi, ukisikiliza kila matatu inayosimama stejini, ukijua kwa mwendo wa viatu vyake kama mshahara umefika nyumbani au umeishia baa? Na kama wewe ndiwe unayengojwa, usifunue ukurasa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa kungojwa. Hakuwa mlevi wa kulala mitaroni, na hilo ndilo lililotuchelewesha. Kila asubuhi alifunga tai akaenda kazini. Jioni alikunywa “mbili tu”. Mkewe alianza kulipa karo peke yake, na watoto wakajifunza kuzima taa mapema ili baba asiwakute macho. Aliahidi kuacha Pasaka, akaahidi tena Krismasi.

Siku alipoacha kweli, aliacha kwa ghafla. Kesho yake mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika, na usiku akawa anaongea na watu tusiowaona. Tulimkimbiza hospitalini, na daktari akatukaripia sote. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hafai kuacha ghafla bila kuonwa na daktari, kwani anaweza kupata degedege na hata kufa. Hilo likumbuke hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa.

Daktari huyo ndiye aliyetutajia AA. Najua ukitaja AA jijini Nairobi wengi hufikiria mafunzo ya kuendesha gari. Kaka aliufurahia mkanganyiko huo, na majirani wakaambiwa anatafuta leseni! Lakini hii ni Alcoholics Anonymous, iliyoanzia mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, mwaka wa 1935. Waanzilishi wake walikuwa Bill Wilson, aliyefanya kazi katika soko la hisa, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa wameshindwa na chupa, wakagundua kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake hata pale alipokataa kumsikia mke, kasisi na daktari.

Kuwapata hakukuwa kugumu kama tulivyodhani. Hospitali na vituo vya kurekebishia waraibu hujua mikutano inafanyika wapi, na mara nyingi huwa ni katika kumbi za makanisa. Ukikosa pa kuanzia, piga nambari 1192 ya NACADA, shirika la serikali linalopambana na ulevi na dawa za kulevya. Hutatozwa chochote. Kabla hujaenda, uliza kama mkutano ni wa wazi, ambapo ndugu na marafiki huruhusiwa, au ni wa wanaotaka kuacha pombe pekee.

Wetu ulikuwa wa wazi, Jumanne jioni. Tulilipita lango mara mbili. Kaka aliogopa kukutana na mtu anayemjua. Nilimwambia kwamba atakayemwona humo atakuwa amekuja kwa sababu ile ile. Alinitazama, akakohoa, akaingia.

Ndani tulikuta viti vya plastiki, birika la chai na watu ambao ungewapita barabarani bila kuwashuku. Hakuna aliyeandikwa kwenye rejista. Hakuna ada, kikapu kilipitishwa, anayetaka akatia chochote cha kulipia ukumbi na chai. Sharti la kujiunga ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Watu hutumia jina la kwanza na husema kwa zamu bila kukatizwa. Ukitaka, unasema leo unasikiliza tu, na zamu inaenda kwa mwingine. Waliyoyasema sitayaandika, maana ya humo hubaki humo. Nitakuambia tu kwamba tulicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

Wana mwongozo wa hatua 12, na ndani yake Mungu anatajwa, ila kila mtu huachiwa kumwelewa ajuavyo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, lililomfaa kaka zaidi ni mlezi, yaani mwanachama aliyekaa bila pombe kwa muda mrefu, anayekubali kupigiwa simu. Siku ya mshahara, kaka humpigia kabla hajashuka kwenye matatu.

Je, inasaidia? Mwaka wa 2020, wataalamu wa Cochrane walichanganua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba mipango ya kuwaingiza watu katika AA iliwawezesha wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine walizozilinganisha nayo. Si wote, lakini. Kaka alianguka mwezi wa tatu. Aliporudi, akiwa na aibu ya kutosha, alimiminiwa chai, akaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza.

Mkewe naye alipata kikundi chake, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka wa 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Huko aliambiwa kwamba si yeye aliyesababisha ulevi wa mumewe. Ameacha kumnusa mlangoni.

Kaka sasa ana miezi 14. Kila Jumanne huvaa koti na kuaga, na kitinda mimba wake, aliyeamini hadithi ya majirani, humuuliza leseni itatoka lini.