Gari Linalojizima Lenyewe: Faida Yake na Adha Yake

 Katika maelezo yetu ya leo twakusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, lakini ambalo limekwisha waudhi madereva wengi katika njia itokayo Jinja kwenda Mbale kwa kupitia Iganga na Tirinyi. Jambo lenyewe ni ule mtambo uliomo katika magari mengi ya siku hizi, ambao huizima injini kila gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapotaka kuondoka.

Malalamiko ya madereva yanajulikana. Dereva hufika kwenye njia panda ya Amber Court mjini Jinja, au kwenye mnara wa saa mjini Mbale, akakanyaga breki ili awapishe wenzake. Ghafula injini hunyamaza. Nafasi ya kupita inapopatikana, huiachia breki, stata ikazunguka, gari likatikisika, na katika kitambo hicho kifupi bodaboda tatu zimekwisha mpita na lori lililokuwa mbali limekwisha fika. Mwingine hulalamika kwamba gari lilizima mbele ya soko na halikuwaka tena. Naye hakuwa na la kufanya, kwa maana gari la gia za kujibadilisha halisukumiki likawaka kama magari ya zamani. Wa tatu hudhani ameuziwa gari bovu, akazunguka kwa mafundi mmoja baada ya mwingine, kumbe gari lilikuwa likitenda lile lile lililoundwa kulitenda.

Kabla ya kuulaumu mtambo huo au kuutetea, yafaa tujue ulikotoka. Fikra yenyewe si mpya. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilifuatiwa na kupanda kwa bei ya mafuta duniani kote, na wenye viwanda vya magari wakaanza kutafuta kila njia ya kupunguza matumizi. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Toyota ililitia gari lake aina ya Crown kifaa cha umeme kilichoizima injini baada ya gari kusimama kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Majaribio yaliyofanywa katika msongamano wa magari mjini Tokyo yalionyesha nafuu ya mafuta ya karibu asilimia 10. Kampuni ya Fiat ya Italia ikafuata katika miaka ya 1980 kwa gari la Regata, na Volkswagen ya Ujerumani katika miaka ya 1990 kwa gari la Golf. Hata hivyo wanunuzi wa wakati ule hawakuvutiwa, na mtambo haukuenea.

Ulienea baada ya serikali za nchi zenye viwanda kukaza masharti juu ya moshi na matumizi ya mafuta. Mazda ilitoa mtambo wake mwaka 2009, na Toyota ikautia katika baadhi ya magari ya Vitz yaliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2010. Sababu ya haraka hiyo haikuwa siri. Kipimo rasmi cha Japani cha miaka ile, kilichoitwa JC08, kililiacha gari likiwa limesimama kwa karibu asilimia 30 ya muda wote wa kupimwa. Basi gari lililojizima kila liliposimama lilipata alama nzuri zaidi katika karatasi za kiwanda. Kwa maneno mengine, mtambo huu uliundwa kwa ajili ya mji wenye taa za barabarani katika kila kona, si kwa ajili ya barabara ya Tirinyi ambako gari laweza kwenda mwendo mrefu pasipo kusimama.

Wasikilizaji wataukumbuka pia mwaka 2018. Mwaka huo sheria ya Uganda ilizuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yetu madogo ni yale yaliyokwisha tumika Japani, ni dhahiri kwamba magari yaliyotengenezwa wakati mtambo huu ulipoanza kuenea ndiyo yanayofika katika viwanja vya wauzaji hivi leo. Askari anayechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, aghalabu atalikuta gari la namna hiyo. Na wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tuutazame utendaji wake. Mtambo hauizimi injini ovyo. Kompyuta ndogo iliyomo garini huuliza maswali kadhaa kwanza. Je, injini imekwisha pata moto? Je, betri ina nguvu ya kutosha kuiwasha tena? Je, dereva amefunga mkanda, na mlango umefungwa? Je, kiyoyozi kimekwisha poza gari vya kutosha? Majibu yote yakiwa mazuri na breki ikiwa imekanyagwa, ndipo injini huzimwa. Likikosekana jibu moja, injini huendelea kunguruma. Hii ndiyo sababu gari lile lile huzima asubuhi na lisizime mchana wa jua kali, na dereva asiyejua akadhani kuna hitilafu. Katika baadhi ya magari, kama yale ya Mazda, kuzima kwategemea pia nguvu ya mguu: breki ikikanyagwa kwa upole, injini haizimi.

Yako pia magari madogo, kama Suzuki Wagon R ya kuanzia mwaka 2012, ambayo huizima injini kabla hata ya kusimama, pindi mwendo unaposhuka chini ya kilomita 13 kwa saa. Huko Japani jambo hilo ni akiba. Lakini hapa petu, penye matuta ya barabarani katika kila kituo cha biashara, dereva anayelinyemelea tuta aweza kuisikia injini ikinyamaza wakati anapojiandaa kulipanda. Hapo ghadhabu yake yaeleweka.

Kiini cha matatizo mengi, hata hivyo, ni betri. Injini inayowashwa mara nyingi kwa siku yahitaji stata imara na betri ya namna ya pekee, iliyoundwa kutoa nguvu nyingi na kupokea chaji upesi. Betri ya kawaida ikifungwa mahali pake huchoka mapema. Wajapani wamezitia betri hizo alama yao wenyewe: huanza kwa herufi kama M, N, Q, S au T, ikifuatwa na tarakimu, kwa mfano Q-85. Betri ya kawaida ya ukubwa ule ule huandikwa kwa namna nyingine, kwa mfano 55D23L. Zaingia katika kitako kimoja, na kwa macho zafanana, lakini kazi zake hazifanani. Mnunuzi anayefunua boneti na kukuta 55D23L katika gari lenye mtambo huu amekwisha jua kwamba mwenye gari wa kwanza, au muuzaji, alipunguza gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, akiba yenyewe ni kubwa kiasi gani? Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilieleza mwaka 2014 kwamba mtambo huu waweza kuokoa asilimia 5 hadi 7 ya mafuta. Wataalamu wa maabara ya Argonne ya nchi hiyo hiyo nao walikwisha onyesha kwamba kuiacha injini ikinguruma bure kwa zaidi ya sekunde 10 hula mafuta mengi kuliko kuizima na kuiwasha upya. Tufanye hesabu yetu wenyewe. Injini ndogo inayonguruma gari likiwa limesimama hula nusu lita hivi kwa saa. Dereva anayesimama katika msongamano wa Kampala jumla ya saa moja kila siku, kwa siku 300 za mwaka, aweza kuokoa lita 150. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini dereva wa Mbale, ambaye jumla ya kusimama kwake haizidi dakika 10 kwa siku, ataokoa lita 25 tu kwa mwaka mzima. Na betri ya namna ya pekee, ambayo bei yake aghalabu hukaribia mara mbili ya ile ya kawaida, aweza kuimaliza akiba yote ya miaka kadhaa kwa siku moja.

Hata hivyo haifai kuidharau akiba ya mafuta katika nchi isiyo na pwani, ambayo mafuta yake mengi hupita Kenya. Wazee wetu waliokuwa barabarani mwaka 1976 wanazikumbuka siku ambazo mafuta yaliadimika kwa sababu ya ugomvi na jirani, na Jinja yenyewe ina matangi ya akiba ya taifa yenye uwezo wa kuhifadhi lita milioni 30. Katika siku za dhiki, madereva wengine walikuwa wakizima injini wakati wa kuteremka mlima. Tendo hilo lilikuwa hatari, na lingali hatari, kwa sababu injini ikizimwa huku gari likiteremka, breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito. Asije mtu akadhani kwamba mtambo huu wa kisasa umemhalalishia kuteremka kutoka Kapchorwa akiwa amezima injini kwa mkono wake.

Ndugu wasikilizaji, liko jambo linalowahusu polisi wa usalama barabarani na wote wanaosimamia vizuizi, nalo ni la maisha. Kwa miaka mingi askari amejifunza kusikiliza: injini ikinyamaza, gari limesimama kweli. Kwa magari haya, sikio si shahidi wa kutegemewa tena. Injini iliyonyamaza yaweza kuwaka mara mguu unapoiachia breki, na gari likaruka mbele ilhali askari amesimama mbele ya bampa akisoma nambari. Basi askari na asimame pembeni, amwamuru dereva aweke gia ya kuegesha, avute breki ya mkono, na azime gari kabisa kwa ufunguo au kwa kitufe. Hapo ndipo gari limezimwa. Kabla ya hapo, limepumzika tu.

Fundi wa gereji ya kambini naye ana lake la kuzingatia. Magari mengi yana kifaa kinachozuia injini isiwake yenyewe boneti ikiwa wazi. Lakini wako mafundi ambao, kwa kutaka kuukomesha mtambo, hukata nyaya au kukivuruga kifaa hicho. Anayetia mkono karibu na mkanda wa injini ya gari kama hilo aweza kupoteza vidole. Hapana haja ya kukata nyaya. Magari mengi ya namna hii yana kitufe chenye alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale, na pengine neno OFF. Maandishi mengine yaweza kuwa ya Kijapani. Ukikibonyeza, mtambo hulala mpaka utakapozima gari na kuliwasha upya. Udhia ni kwamba yakupasa kukibonyeza kila safari.

Tena ziko hali ambazo kitufe hicho chapasa kubonyezwa mapema. Msafara unaposonga kwa karibu karibu, kila gari linalochelewa kidogo huwaachisha nafasi yaliyo nyuma. Na kunapokuwa na maji barabarani, hadhari ni kubwa zaidi. Wakazi wa Mbale hawajayasahau mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, wakati mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuchukua roho za watu. Maji yapitayo kwa nguvu barabarani hayavukwi kwa gari lolote. Lakini hata katika dimbwi la kawaida, injini haifai kuzima katikati, maana maji yaweza kuingia katika bomba la moshi, na kuiwasha upya huenda kukaleta hasara.

Ubishi huu si wa Uganda peke yake. Mwezi Mei 2025 Bwana Lee Zeldin, mkuu wa idara ya mazingira ya Marekani, alitangaza hadharani kwamba madereva wanauchukia mtambo huu na kwamba idara yake ingezibadili kanuni zilizowapa wenye viwanda motisha ya kuufunga. Wapinzani wake walijibu kwamba mafuta yaliyookolewa ni mafuta, na moshi uliopungua ni moshi. Kila upande una hoja yake.

Kwa maoni yetu, mtambo huu si adui wala si mwujiza. Ni chombo kilichotengenezwa kwa mazingira fulani kikaletwa katika mengine, pasipo mtu wa kukieleza. Mnunuzi akiikagua betri kabla ya kutoa fedha, dereva akijua wakati wa kukiacha na wakati wa kukilaza, na askari wa kizuizini akikumbuka kutolitegemea sikio lake, sehemu kubwa ya adha itaondoka. Silaha ambayo mwenyewe haijui humtisha yeye kabla ya kumtisha adui, na gari ni vivyo hivyo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.