Shamba la Miaka Mitatu

Likizo ya Agosti ilinikuta kwa nyanya yangu, Mau Mashariki, juu kidogo ya Njoro. Siku moja aliniamsha alfajiri twende kupalilia viazi. Nilishangaa tulipolipita shamba la nyumbani tukaingia msituni.

"Nyanya, kwani huku si kwa serikali?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa jembe miche ya saipresi iliyonifika magotini, imepangwa mistari katikati ya viazi. "Viazi ni vyangu, miti ni yao," akasema.

Huo ndio mfumo wa shamba. Asili yake ni Burma, karne ya 19, nao ukaanza hapa Kenya mwaka wa 1910. Miti ya mbao ikishavunwa, mwananchi hupewa kipande alime viazi, maharagwe ama karoti. Yeye naye huitunza miche mipya pamoja na mimea yake. Hajengi nyumba, wala hapewi hati. Ikifika kama miaka mitatu matawi hufunika jua, viazi vinakataa, naye hutoka.

Sasa hebu fikiria: nyanya analea mti utakaomfukuza! Hapo ndipo penye kazi. Mwenye njaa anaweza kuukata mche mizizi usiku ili usikue, abaki mwaka mwingine. Visa kama hivyo vilitokea, na wengine wakahamia msituni kabisa na mifugo yao. Mfumo ukapigwa marufuku 1987, ukarudi miaka ya 1990, ukapigwa marufuku tena 2003. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango upya, safari hii kupitia vyama vya wenyeji vyenye mkataba na shirika la misitu, KFS.

Kulima kwenyewe ni katika miti ya kupandwa tu. Ndani zaidi, kwenye mierezi na mianzi ya asili, jembe haliingii. Huko mwanachama huweza kuruhusiwa kuokota kuni, kukata nyasi za ng'ombe, kuchuma dawa ama kutundika mizinga ya nyuki. Waogiek wamerina asali Mau tangu jadi, na mwezi wa Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba kuwafurusha kulivunja haki zao.

Wanaowalaumu wakulima wadogo peke yao, mimi siwakubali. Mwaka wa 2001, hekta 35,301 za Mau Mashariki zilitolewa katika msitu kwa kalamu, si kwa panga. Na Mto Njoro unatoka huko huko, ukiteremka mpaka Ziwa Nakuru. Nyanya anasema zamani ulijaa mwaka mzima. Siku hizi kiangazi kikikaza, mahali pengine unavuka bila kuvua viatu.

Tukikaribia kumaliza palizi, nyanya aliona mche mmoja umelala. Akapiga magoti, akausimamisha na kuushindilia udongo.

"Si ungeuacha tu?" nikamwambia. "Huu ni mwaka wako wa mwisho hapa. Mwakani utalima wapi?"

"Kuna kura ya vipande vingine, mjukuu wangu. Nikikosa, nimekosa."

Akajitwika viazi, nami nikamfuata na majembe.