Mbogi Yenu Inatoka Ruring'u na Baiskeli Siku Tatu? Someni Hii Kwanza

Siku ya kwanza kila msee ni bingwa. Mnatoka Ruring'u ngware, picha nje ya stadi, mahewa kwa spika ndogo, na hadi Chaka hakuna mtu ameanza kulia. Ile itakumaliza ni siku ya pili asubuhi, ukikalia kile kiti tena na makalio yanakuambia zi. Wengi hujipangia siku ya kwanza pekee, ndio maana safari nyingi hufia Nanyuki.

Wacha tuchukue njia moja ndio tuongee vitu zinashikika. Ijumaa mnatoka Ruring'u, Kiganjo, Chaka, Naro Moru, mnalala Nanyuki. Hiyo ni kama kilomita 60, na mnapanda mos mos: Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, Nanyuki karibu 1,950. Jumamosi mnapanda tena hadi Timau, halafu mnakata kushoto mkishuka msitu wa Ngare Ndare, vumbi na mawe, mnalala huko kwa hema. Jumapili mnarudi Nanyuki. Mwenye bado ako na miguu anaendelea hadi nyumbani, mwingine anafungia baiskeli juu ya mathree.

Kwa ramani, Jumamosi inakaa fupi. Usidanganywe. Mlima wa Timau hauko mkali, lakini hauishi, na upepo wa pale juu uko wazi, hakuna mti wa kukuficha. Huo ndio mlima utapanda na miguu zenye zimechoka tangu jana.

Na usifikirie hii ni kitu ya ajabu sana huku kwetu. Kuna mashindano yanaitwa 10to4, siku tatu za baiskeli kwa njia za vumbi, ya kuchangia kazi ya Mount Kenya Trust ya kulinda mlima. Jina limetoka kwa urefu: inaanzia futi 10,000 kwa msitu wa Mlima Kenya na kuisha chini kwa futi 4,000. Hao ni wasee wamezoea. Nyinyi hamshindani na mtu.

Mazoezi anza wiki sita kabla, na siri ni moja: endesha siku mbili zikifuatana. Jumamosi nenda Karatina na urudi, Jumapili nenda Mweiga na urudi, hata ka umechoka. Hasa ka umechoka. Mwili unafaa kujifunza kuamka ukiuma na bado utoke. Msee anapiga kilomita 80 Jumamosi moja halafu analala wiki mbili hajajipanga, amejionyesha tu. Wiki ya mwisho punguza, enda tu ile ya kunyoosha miguu. Na beba ule mzigo utabeba siku yenyewe, juu baiskeli yenye mzigo inakata kona tofauti na breki zinachelewa kushika.

Kiti kikiwa chini, magoti yatakuambia kufika Naro Moru. Weka kisigino kwa pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka bila kiuno kuyumba. Nunua kaptula ya baiskeli ile ya sponji, na tafadhali usivae boksa ndani. Hapo ndio watu huchunika. Paka mafuta ya mgando sehemu zinasuguana, na ubebe kaptula ya pili, juu kuvaa ya jana ikiwa na jasho kavu ni kujitafutia vidonda.

Fundi wa mtaa anaweza kukaza kila kitu kwa nusu saa, lakini mpelekee wiki mbili kabla, usimpelekee usiku wa kuamkia safari. Akuangalizie breki, cheni na spoki. Ukibadilisha kitu, iendeshe kwanza hapo mtaani.

Sasa kitu yenye mbogi nyingi husahau: andikeni saizi za tairi za kila mtu. Mmoja ako na 26, mwingine 27.5, mwingine 29. Mmoja valvu yake ni nene ka ya gari, mwingine ni ile nyembamba. Unaweza pata mko watu saba na tyubu tano za akiba, na hakuna hata moja inaingia kwa baiskeli yenye imepasuka. Pampu iwe ya kushika valvu zote mbili. Mbogi iwe na kifaa kimoja cha kukata cheni, spana ndogo za umbo la L, gundi na viraka. Na angalau wawili wenu wajue kuziba pancha. Jifunzeni kwa kibaraza, mkikunywa chai, si Timau kwa mvua.

Tukiongea mvua: Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ule udongo mweusi wa pande za Naro Moru na Nanyuki unanata kwa tairi hadi gurudumu haligeuki, unabeba baiskeli badala ikubebe. Januari na Februari ndio poa. Usiku ni baridi saa zote, kwa hivyo sweta na koti la mvua haziachwi nyumbani ati ju jua limewaka.

Kukula, usingoje njaa. Kila saa weka kitu kidogo mdomoni: ndizi, ngwaci, chapati imekunjwa, njugu. Njaa ikikushika kwa mlima umechelewa, nguvu inazima ka stima. Maji beba chupa mbili na mjaze kila mahali kuna duka.

Halafu nyinyi wenyewe, na hapa ndio nataka msikize. Safari ya mbogi haivunjwi na baiskeli, huvunjwa na yule wa nguvu amewasha mbele na yule wa mwisho amebaki pekee yake akiona aibu kupiga simu. Pangeni ka mathree. Kuna dere mbele, na kuna kondaa nyuma. Dere asiwe yule mnoma wenu. Awe mtu anaweza kwenda polepole bila kuboeka. Kondaa ndio awe mnoma, juu atakaa nyuma ya kila mtu siku nzima na asiruhusu abiria ashuke kimya kimya. Kwa kila kona, anayefika anangoja mwenye anafuata amuone ndio aendelee. Kutoka Marua kwenda juu lami ni leni moja kila upande na malori ya Isiolo hayana huruma, kwa hivyo ni mstari mmoja, hakuna kupanga stori wawili wawili.

Kabla mtoe doo, kila mtu aseme ukweli: ameshaendesha umbali gani, ako na pumu, anatumia dawa gani. Mwenye pumu, kondaa ajue inhela iko mfuko gani. Kila mtu aweke nauli ya kurudi kando, na mkubaliane sasa hivi kwamba kupanda mathree Nanyuki si aibu na hakuna mtu atapostiwa.

Ngare Ndare nayo si plot ya kuingia tu. Pigeni simu mapema, ulizeni kiingilio, hema na askari wa msitu wa kuwapeleka. Ile ni njia ya ndovu kati ya Mlima Kenya na Lewa. Wamejengewa hadi kipenyo chao chini ya barabara ya Meru, mbele ya Timau. Hutaki kukutana nao ukisukuma baiskeli gizani.

Kwa hivyo wekeni saa. Ka saa nane mchana Jumamosi hamjatoka Timau, mnalala Timau, hata ka mmelipia hema. Dere ndio anasema, hakuna kura. Na kuna mtu mmoja aliyebaki Ruring'u mwenye anajua njia yote na namba ya kila mtu: apigiwe simu saa hiyo hiyo aambiwe mmesimama wapi.