Dawa Inapokatika: Wagonjwa wa Baridi Yabisi na Vizuizi vya Mwaka 2020

Tarehe 25 Machi, 2020, Serikali ya India ilipiga marufuku kupeleka nchi za nje dawa iitwayo haidroksiklorokwini. Siku hiyohiyo Serikali ya Uganda ilisimamisha magari ya abiria, na siku tano baadaye magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili ikatangaza kufungwa kwa njia za kuingia na kutoka Nairobi. Hatua zote hizo zilichukuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mengi yamekwisha kusemwa juu yake. Lakini wapo ambao hawakutajwa sana, nao ni wagonjwa wa baridi yabisi. Baadhi yao dawa yao ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa duniani. Wengine dawa ilikuwapo, ila njia ya kuifuata ndiyo iliyofungwa.

Baridi yabisi si uzee, ingawa mitaani kila maumivu ya goti huitwa jina hilo. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui atokaye nje, hugeuka ikaushambulia utando wa ndani ya viungo, mfano wa walinzi wanaoifyatulia risasi kambi yao wenyewe. Vidole na vifundo vya mikono na miguu huvimba, kwa kawaida pande zote mbili, na asubuhi mwili hukakamaa kwa muda wa saa nzima au zaidi. Wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kwa hiyo katika nyumba za askari mgonjwa huenda akawa mke au mama kuliko askari mwenyewe. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Zilizopo, kama methotreksati na haidroksiklorokwini, huituliza kinga hiyo ili isiendelee kuila mifupa.

Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo kwa miaka mingi ilitibu malaria. Marekani iliiruhusu kwa dharura kwa wagonjwa wa korona tarehe 28 Machi, kisha ikaifuta ruhusa hiyo tarehe 15 Juni, majaribio yalipoonyesha kwamba haiwasaidii. Katika kipindi hicho ilikuwa adimu katika nchi nyingi. Hila ya dawa hii ni kwamba hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Aliyeikosa huweza kujiona mzima kwa mwezi mmoja au zaidi, akadhani amepona, ndipo maumivu yanapomrudia.

Na si korona peke yake inayokatiza dawa. Ini likidhurika, au mgonjwa akipata kifua kikuu, daktari huweza kuamua baadhi ya dawa zisimame. Na methotreksati haitumiwi kamwe na mwanamke mwenye mimba. Afanyeje basi mtu wa namna hiyo?

Jambo la kwanza ni kuyatambua maumivu yenyewe. Kiungo kilichovimba na chenye joto hutaka kupumzishwa, na kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi au kumi na tano hukipunguzia moto. Kiungo kilichokakamaa bila joto hutaka maji ya uvuguvugu, hasa alfajiri. Gango jepesi la kifundo cha mkono usiku huwasaidia wengi. Lakini kulala kitandani siku nzima ni kosa, kwa kuwa misuli hulegea na kiungo huzidi kukaza. Hata siku mbaya, kila kiungo kinyooshwe na kukunjwa taratibu mara chache, bila kulazimishwa. Uvimbe ukipungua, mgonjwa atembee. Kazi za nyumbani zigawanywe. Sufuria ibebwe kwa viganja viwili, dumu la maji liwe dogo, mpini wa kisu uviringishiwe kitambaa uwe mnene ili vidole visibane sana. Haya huonekana madogo kwa mtu mwenye mikono mizima.

Parasetamoli hupunguza maumivu kidogo, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi, lakini zikinunuliwa dukani na kumezwa wiki baada ya wiki huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Unga na vidonge visivyo na jina, vinavyosifiwa kwamba huondoa maumivu kwa siku moja, ni vya kuogopwa kuliko vyote, maana baadhi huwa vimechanganywa kwa siri na dawa za jamii ya prednisoloni.

Prednisoloni yenyewe haiachwi ghafla. Ikitumiwa kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kazi yake, na dawa ikikatika mara moja mgonjwa huweza kutapika, shinikizo la damu likashuka, akazimia, hata akafa. Mwenye vidonge vichache aende kituo chochote cha afya kabla ya kumeza cha mwisho. Vilevile kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, aende siku hiyohiyo, kwani huenda kimeingiwa na vijidudu.

Hapo ndipo askari aliye kizuizini anapohusika. Nchini Uganda, wakati magari binafsi yalipozuiwa, mgonjwa aliyetaka kusafirishwa kwa gari alihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Mjamzito huonekana, na aliyevunjika mguu huonekana. Mgonjwa wa baridi yabisi hana damu wala bendeji. Saa sita mchana huweza kusimama wima mbele ya askari, naye alfajiri alishindwa kufunga kifungo cha nguo. Anayempima kwa macho tu atamrudisha nyumbani. Kadi yake ya kliniki husema zaidi kuliko mwendo wake, na kuisoma hakuchukui dakika mbili.

Njia za Nairobi zilifunguliwa tarehe 7 Julai, 2020, baada ya miezi mitatu. Waliorudi kliniki waliweza kuanzishiwa dawa upya, na maumivu yakatulizwa. Lakini mfupa uliokwisha kuliwa katika kipindi kama hicho dawa haiurudishi.