Dawa Imemezwa: Minyoo Huisha Lini?

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki ugawaji wa dawa ya kichocho huanza kwa fimbo. Fimbo hiyo haimchapi mtu. Mwanafunzi husimama kando yake, na alama iliyo sawa na utosi wake huonyesha idadi ya vidonge vya prazikwanteli atakavyomeza. Mizani haihitajiki. Lakini baada ya wiki mbili au tatu huenda malalamiko yakazuka: mtoto fulani angali anakojoa damu. Je, dawa imeshindwa?

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza ijulikane minyoo yenyewe hukaa wapi. Minyoo ya kichocho cha mkojo haikai tumboni. Dume na jike huishi pamoja ndani ya vena ndogo zinazozunguka kibofu, nayo huweza kudumu humo kwa miaka kadhaa. Prazikwanteli huingia katika damu upesi mno. Mnyoo ukifikiwa na dawa, kalisiamu humiminika ndani ya seli zake, misuli yake hukakamaa kwa muda wa dakika chache, na ngozi yake huharibika. Dawa hii ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970, lakini mlango unaopitisha kalisiamu hiyo ulikuja kutambuliwa mwaka 2019. Ngozi ikisha kuharibika, kinga ya mwili, ambayo hapo awali ilikuwa imehadaiwa, humtambua adui na kummaliza. Dawa yenyewe haikawii: nusu ya kiasi kilichomo katika damu hutoweka kwa muda wa saa moja hadi tatu.

Mayai ndiyo yanayokawia. Mengi huwa yamenasa katika ukuta wa kibofu kabla ya siku ya matibabu, na wala dawa haiyaondoi. Huendelea kupenya na kutoka na mkojo kwa wiki kadhaa, ilhali waliyoyataga wamekwisha kufa. Kwa hiyo mpimaji anayeona yai chini ya hadubini hana budi kuuliza kama lingali hai. Maabara huweza kuliweka katika maji safi yasiyo na chumvi. Likiwa zima, huangua kijidudu kinachoogelea kikitafuta konokono. Kipimo cha kuthibitisha kupona hufanywa aghalabu baada ya wiki nne hadi sita, si kabla.

Hata hivyo iko sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini minyoo michanga yenye umri wa wiki mbili hadi tano hivi huinusurika. Mtoto aliyeoga katika dimbwi lenye kichocho wiki tatu kabla ya kumeza dawa huweza kubaki na minyoo hiyo, nayo itakomaa dawa ikiwa imekwisha kuondoka mwilini zamani. Mtoto huyo huhitaji kutibiwa tena.

Kwa minyoo ya matumbo mambo ni mepesi kidogo. Albendazoli huizuia isifyonze sukari, nayo hudhoofika kwa njaa na kusukumwa nje na utumbo kwa muda wa siku chache. Kidonge kimoja cha miligramu 400 huwaponya watoto wapatao 95 kati ya 100 wenye minyoo mikubwa ya mviringo, na wapatao 80 wenye minyoo ya safura, ijapokuwa damu iliyopungua hurudi polepole. Minyoo-mjeledi ni shari nyingine: huchomeka kichwa katika ukuta wa utumbo, na kidonge hicho huwaponya watoto 30 tu hivi katika kila 100.

Ugonjwa wa matende ndio unaodai subira kuliko yote. Ivermektini huondoa vijiminyoo vichanga katika damu kwa muda wa siku chache, lakini minyoo mizazi, iliyojificha katika mishipa ya limfu, husalia hai na baada ya miezi kadhaa huzaa tena. Hii ndiyo sababu Tanzania, iliyoanza ugawaji wa dawa hizo kisiwani Mafia mwaka 2000, ilizigawa kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata kwa watu wasiojiona wagonjwa: ilibidi damu yao idumu bila vijiminyoo hadi mizazi ife kwa uzee, na mbu wasiwe na cha kuchukua.