Barua Pepe 97 Kabla ya Soko Kufunguliwa

Hatari ya kibiashara katika utengenezaji wa programu za kompyuta, yaani uwezekano wa kampuni kupoteza fedha, wateja au jina lake, aghalabu hutafutwa ndani ya msimbo, ambao ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyatekeleze. Hata hivyo, kisa cha Knight Capital, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kununua na kuuza hisa nchini Marekani, kinaonyesha kwamba kasoro ndogo ya msimbo huwa janga pale watu wanapokosa kuambiana, kuulizana na kusikilizana.

Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni hiyo iliweka programu mpya kwenye seva nane, yaani kompyuta zilizokuwa zikipeleka sokoni maagizo ya kununua na kuuza hisa, lakini fundi aliyepewa kazi hiyo akairuka seva moja, na humo ukabaki msimbo wa kale ulioitwa Power Peg, ambao ulikuwa umeachwa kutumika tangu 2003 bila mtu kuufuta. Hapakuwa na fundi wa pili aliyeikagua kazi ya mwenzake, wala utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu afanye hivyo.

Asubuhi ya Agosti 1, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa ndani wa kampuni ulituma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi, zikilitaja jina la Power Peg na kosa lililojitokeza. Hazikushughulikiwa, kwa kuwa hazikuwa zimekusudiwa kuwa tahadhari na wafanyakazi hawakuwa na mazoea ya kuzisoma zinapoingia. Na ujumbe unaopelekwa kwa wote bila kusema nani afanye nini, kama ajuavyo yeyote aliyefanya kazi ofisini, kila mmoja hudhani ni wa mwenzake. Soko lilipofunguliwa, maagizo yaliyokusudiwa kwa programu mpya yakauamsha ule msimbo wa kale, nao ukanunua na kuuza hisa mfululizo kwa takriban dakika 45, zaidi ya mara milioni 4, katika aina 154 za hisa. Katika kuhangaika, wafanyakazi wakaiondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa salama, jambo lililoongeza madhara. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Stadi za kijamii zinazohitajika hapa si ucheshi wala maneno matamu. Ni uwezo wa kumuuliza aliyekutangulia kazini kwa nini msimbo fulani bado upo, na wa kukaguliwa bila kununa. Frederick Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu katika IBM, alieleza mwaka 1975 kwamba njia za mawasiliano huongezeka kwa kasi zaidi kuliko idadi ya watu: watatu wana njia tatu, ilhali kumi wana 45, ndiyo maana kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Meneja anayedhani kwamba hofu yake ya kuchelewa itatibiwa kwa kuajiri watu wapya huwa anainunua hatari nyingine.

Oktoba 2013 mamlaka inayosimamia masoko ya hisa nchini Marekani iliitoza Knight Capital faini ya dola milioni 12, wakati ambapo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuunganishwa na mshindani wake, Getco.